Medikali: kurasa za daftari, Machi hadi Mei 2024

Jumanne, 5 Machi 2024

Meja mstaafu alifika saa mbili kasoro robo, muuguzi hajafungua hata madirisha. Mkononi bahasha ya kaki iliyovimba hadi gundi imeachia. Ndani yake vipimo vyote alivyofanyiwa tangu aanze urubani jeshini: moyo, macho, masikio, picha za uti wa mgongo, kila karatasi na muhuri wake. Akaisukuma mezani taratibu. "Daktari, kila kitu kimo humu. Nadhani wewe utanakili tu."

Nikamwambia hainakiliki. Hakukasirika, alishangaa, na ninamwelewa. Mtu ameshusha ndege ya mizigo usiku kwenye kiwanja cha changarawe kilichowashiwa makoroboi, leo kampuni ya kubeba watalii inataka kumwajiri, na binti wa mapokezi anamkabidhi kikombe cha mkojo sawa na mwanafunzi.

Kisheria jambo lenyewe ni fupi. Mkataba wa Chicago wa 1944, ibara ya 3, unasema unahusu ndege za kiraia. Ndege za jeshi, forodha na polisi ni za dola, na kila dola inajipangia. Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba huo, kinachotuongoza sisi wapimaji na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hakitambui muhuri wa kambi. Bahasha yake inanieleza mwili wake kuliko karatasi za mteja wangu mwingine yeyote, ila haiwezi kuwa cheti. Nimemwomba nikae nayo.

Lingine limemuuma zaidi. Cheti cha daraja la kwanza, cha wanaolipwa kurusha ndege, hudumu miezi 12. Lakini aliyetimiza miaka 40 na anabeba abiria peke yake, bila rubani wa pili, hupimwa kila miezi 6. Yeye ana 51, na hizo ndege ndogo za Caravan za kwenda Ruaha na Mafia anaziendesha mtu mmoja. "Jeshini nilipimwa mara moja kwa mwaka," akasema, "tena na mtu tuliyekula naye ugali meza moja."

Hilo la ugali limenikaa kichwani mpaka jioni.

Alhamisi, 7 Machi

Masikio ya Meja. Tulimfungia kwenye kibanda, hedifoni kichwani, kitufe mkononi. Sauti za hezi 500, 1000 na 2000 alizipata bila shida. Kwenye 3000 sikio la kushoto likagoma: desibeli 55. Mwisho unaoruhusiwa ni 50. La kulia limepita, 45. Kwenye 4000 mstari umetumbukia pande zote mbili, ile alama ya watu wa injini. Ukiiona huna haja ya kumuuliza mtu alikuwa akifanya kazi gani.

Ajabu ni kwamba hiyo 4000, iliyoharibika kuliko zote, kanuni haiiulizi kabisa. Inaishia 3000. Zamani niliona ni uzembe wa walioandika. Sasa naona wana hoja: maneno ya mwongoza ndege yanaeleweka chini ya hapo, na redio ya ndege yenyewe haipitishi sauti nyingi za juu. Hawataki kujua kama Meja anasikia mlio wa mbu. Wanataka kujua kama atasikia anapoambiwa asitue.

Na kwa 55 yake mlango haujafungwa. Kanuni inasema aliyezidi kipimo anaweza kukubaliwa akithibitisha kwamba anaelewa mazungumzo vizuri kwenye kelele inayofanana na ya chumba cha rubani. Ina maana tukampime ndani ya ndege. Nitaomba.

Usiku nimeipitia bahasha. Sikio lake limeporomoka polepole, mwaka hadi mwaka, unaweza kulifuata kwa kidole. Lakini kilichonikalisha hadi saa sita ni maandishi ya pembeni, kalamu ya bluu, mwandiko mbaya wa daktari wa kambi: "Mtoto amelazwa. Halali. Asiruke hadi Jumatatu." Kwingine: "Amefiwa na kaka. Anasema yuko sawa. Hayuko." Hakuna kipimo kilichofanyika siku hizo. Hakuna mashine. Daktari alimwona mtu anavyokula, akajua.

Mimi namwona rubani saa moja kwa mwaka, akiwa amevaa shati lake zuri.

Jumamosi, 9 Machi

Nimerudi kwenye vitabu vya kozi kutafuta utaratibu huo wa daktari wa kambi ulianzia wapi. Wamarekani, 1918. Theodore Lyster na wenzake walianzisha maabara Hazelhurst Field, karibu na Mineola, New York. Walianza na viti vya kuzungushia watu na matangi ya kupunguzia hewa, wakifikiri siri ya kufa kwa marubani iko kwenye sikio la ndani na oksijeni. Wakaishia na wazo la pili, nililopenda zaidi: daktari apelekwe akaishi na kikosi, awe wao. Raia walifuata baadaye, na kwa njia nyingine. Sheria ya anga ya 1926 ilipopita kule, Louis Bauer, ambaye naye alitoka jeshini, aliteuliwa kusimamia upande wa tiba, akawasambaza madaktari wapimaji nchi nzima. Kuanzia hapo raia akapata daktari wa kumtembelea, na askari akabaki na daktari wa kuishi naye.

Nisiwapambe sana wa jeshi, hata hivyo. Bosi wa yule daktari ni kamanda, na kamanda akihitaji marubani, vipimo hulegea. Douglas Bader alikatwa miguu yote miwili baada ya ajali ya Desemba 1931, Jeshi la Anga la Uingereza likamtoa kazini. Vita ilipoingia 1939 wakampima upya na miguu ya bandia, wakamkuta anafaa. Miguu ilikuwa ile ile.

Jumatano, 13 Machi

Siku ya pili ya mfungo wa Ramadhani. Wateja wanataka wote waje alfajiri kabla kiu haijawakamata, na wana haki. Mkojo wa mfungaji wa alasiri ni mzito, kijiti huonyesha protini ambayo haipo, kisha mtu anahangaishwa bure.

Rubani wa mizigo kaja na mafua. Kameza piritoni jana usiku, na leo saa nane anatakiwa Mwanza. Nikamwambia abane pua apulize huku nikichungulia: ngoma ya sikio la kulia haikucheza hata kidogo. Ndege ikishuka, hewa inayosukuma kwa nje haitapata mwenza wa ndani, na maumivu yake humtoa mtu mzima machozi pale pale anapotakiwa kutazama njia ya kurukia. Na hiyo piritoni anayoiona kama peremende, Wamarekani wanataka siku 5 zipite tangu kidonge cha mwisho. Usingizi unaisha asubuhi, ule uzito wa akili hauishi. Akasema, "Dokta, ni piritoni tu." Kila wiki naambiwa hivyo. Wageni wa mikataba ya miezi mitatu nao huja na meflokwini ya kuzuia malaria, dawa inayojulikana kwa kuleta kizunguzungu na ndoto za kutisha. Kwa rubani haikubaliki kabisa, wakati zipo mbadala zinazokubalika.

Mchana, kapteni kijana. Ana 34, ndege ya injini mbili, mteja wangu wa miaka kadhaa, mcheshi. Leo fomu ya maswali ameimaliza ndani ya dakika mbili. Hapana, hapana, hapana, mstari mzima hadi chini. Presha ya kwanza 148 kwa 92. Nikamwacha alale chali dakika kumi, ikashuka 132 kwa 84. Hilo halinitishi. Mbele ya koti jeupe linaloweza kumnyang'anya mtu kazi, hata mimi ningepanda.

Ila uzito. Mwaka jana kilo 81, leo 74. Nikamuuliza.

"Nafunga, Daktari."

Mfungo una siku mbili. Nilimtazama, akatazama saa yake. Moyo safi, macho 6/6, mkojo safi. Sikuwa na kipimo hata kimoja cha kumkatalia. Nimesaini.

Jumapili, 24 Machi

Jumapili ya Matawi. Nimetoka kanisani na tarehe hii kichwani, kwa kuwa kila daktari wa kazi yangu anaijua. Machi 24, 2015, ndege ya Germanwings, Airbus A320 kutoka Barcelona kwenda Düsseldorf. Kapteni alitoka kwenda chooni. Msaidizi wake, Andreas Lubitz, akafunga mlango na kuiteremsha ndege hadi kwenye milima ya Alpi, Ufaransa. Watu 150.

Wachunguzi wa Ufaransa walitoa ripoti yao Machi 2016, na ninayoirudia mimi si ile sehemu ya mlango. Ni ya madaktari. Cheti chake cha daraja la kwanza kilikuwa halali. Kilikuwa na alama inayoonyesha kwamba aliwahi kuugua sonona wakati wa mafunzo. Miezi ya mwisho alizunguka kwa madaktari wengi binafsi, wakamwandikia dawa, wakampa vyeti vya kupumzika kazini, mmoja akashauri alazwe hospitali ya magonjwa ya akili. Hakuna aliyeiambia mamlaka wala mwajiri. Siri ya mgonjwa Ujerumani inalindwa na sheria kali, na kila mmoja aliona kipande chake tu. Vyeti hivyo vya kupumzika vilikutwa nyumbani kwake vimechanwa.

Watu husahau kwamba Afrika ilikuwa imeonja kabla. Novemba 29, 2013, ndege ya shirika la Msumbiji, safari ya Maputo kwenda Luanda, ilianguka katika hifadhi ya Bwabwata, Namibia. Watu 33. Msaidizi alikuwa nje ya mlango, na ripoti ya Namibia ilisema ndege iliteremshwa kwa makusudi na aliyebaki ndani. Gazeti gani hapa kwetu liliirudia habari hiyo baada ya wiki mbili?

Nirudi kwenye fomu. "Je, umewahi kuugua au kutibiwa sonona, wasiwasi, kukosa usingizi?" Ukifungua kabati langu na kusoma majibu, utaamini nchi hii imejaliwa marubani ambao hawajawahi kuumwa hata kichwa. Hawa si waongo wa tabia. Wana mkopo wa chuo cha urubani, wengine wameuza kiwanja cha baba. Bima ya kupoteza leseni ipo, lakini wachache wanaikata. Jibu moja la ndiyo, mshahara unasimama mwezi huo huo. Tumeweka swali kwa namna ambayo mkweli ndiye anayelipa, halafu tunashangaa.

Ulaya, baada ya msiba ule, mashirika ya ndege yalilazimishwa kuwa na mpango wa marubani kusikilizana na kusaidiana wao kwa wao, na tangu 2021 hilo ni la lazima. Rubani anampigia rubani mwenzake aliyefunzwa kazi hiyo, hampigii ofisi. Nadhani wamegundua upya ule ugali.

Kilo saba. Bado naziwaza.

Jumanne, 2 Aprili

Rubani msaidizi, 29, mwanamke wa tatu kukaa kwenye kile kiti mwaka huu. Kafunga mlango kabla ya kuketi. Mimba ya wiki 9.

Kanuni haina ukatili hapa, ila haina haya pia. Mimba isiyo na matatizo: aruke kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26. Kabla ya hapo kuna kutapika na hatari ya kuharibika, baada ya hapo kuna tumbo na usukani na uchungu wa mapema. Maana yake leo anashuka chini, baada ya wiki tatu anapanda, kisha anashuka tena hadi ajifungue.

"Mume anajua," akasema. "Mama bado, na mama mkwe bado. Kwetu mimba changa haitangazwi, Daktari. Sasa rubani mkuu ajue kabla ya mama yangu?"

Nikamtuliza kwa jambo moja ambalo marubani wengi hawalijui: mwajiri anastahili kujua kama mtu anafaa kuruka au hafai, na kwa muda gani. Sababu si yake. Nimeandika barua ya mistari mitatu, haina neno mimba. Wataotea tu, najua. Lakini wataotea wao, si kwa karatasi yangu.

Ijumaa, 12 Aprili

Watu bado wana ladha ya Idi mdomoni. Wanafunzi wawili wa urubani, wa kupimwa mara ya kwanza.

Mvulana kwanza. Kitabu cha Ishihara, cha kupimia kuona rangi, nakitoa kwenye droo dakika ile ile, kwa sababu jua hukipausha rangi na kikipauka kinadanganya. Umbali wa mkono mmoja kasoro, mwanga wa mchana, sekunde chache kwa ukurasa, hakuna kugusa kwa kidole. Ukurasa wenye namba 12 kila mtu anausoma, ndiyo maana upo. Baada ya hapo akaanza kutaja namba kwa kasi ya kasuku, sahihi zote, ila za kurasa nyingine. Alikuwa amekariri mpangilio, mimi nimeuchanganya. Nilipomsimamisha na kuanza upya polepole, alikuwa anaona madoa tu. Kijani na nyekundu kwake ni ndugu.

Akauliza, na sauti imemkwama, rangi zina kazi gani siku hizi na kompyuta zote hizo. Nikamchorea taa nne za pembeni mwa njia ya kurukia. Mbili nyeupe mbili nyekundu, unashuka vizuri. Nne nyekundu, uko chini mno. Ndivyo zilivyokuwa Tallahassee, Florida, Julai 26, 2002, kabla ya mapambazuko: Boeing 727 ya mizigo ya FedEx ikashuka chini ya njia yake, ikakata miti na kuanguka. Watatu waliokuwamo walijeruhiwa, hakuna aliyekufa. Wachunguzi walitaja uchovu wa marubani, wakataja pia kwamba msaidizi alikuwa na kasoro ya kuona rangi na alikuwa anaruka kwa kibali maalumu. Wakataka vipimo vya rangi viangaliwe upya. Nimemweleza vipo vipimo vya juu zaidi, vya taa na vya kompyuta, ambavyo hutenganisha kasoro ndogo na kubwa, na nimemwandikia rufaa. Sikumpa matumaini ya bure.

Kisha binti. "Shikamoo mama daktari." Miaka 19, mrefu, kiganja kimelowa jasho. Macho, masikio, moyo, vyote kama vya kwenye picha ya kitabu. Kwenye fomu kaandika ndiyo mbele ya magonjwa ya kurithi, mtu wa kwanza mwezi huu kuandika ndiyo popote. Ana chembe za selimundu za upande mmoja, AS; waligundua alipomchangia damu mdogo wake, ambaye ana ugonjwa wenyewe.

Kwa urubani wa kiraia hilo halimzuii. Ndege ya abiria inatunza hewa ya ndani isipungue chini ya ile ya mlima wa futi 8,000, na mwenye AS huko hana tatizo. Lakini akauliza, "Na nikienda jeshini?" Nikamweleza yaliyotokea Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kamati ya wanasayansi ilishauri wenye AS wasiwe marubani wa kijeshi, kwa hofu kwamba oksijeni ikipungua juu, chembe zitajikunja. Chuo cha Jeshi la Anga kikawafungia mlango kabisa. Waliofungiwa karibu wote walikuwa vijana weusi. Ushahidi ulikuwa haba, kesi ikafunguliwa, na 1981 mlango ukafunguliwa. Hatari haikuwa ya kubuni. Bandama la mwenye AS limewahi kupata madhara kwenye milima mirefu. Ila mtu anayekaa kwenye chumba chenye hewa ya kutosha, na barakoa ya oksijeni usoni, walimhukumu kwa mlima ambao hapandi.

Nchi kama yetu, ambayo ni kati ya zile zinazozaa watoto wengi wenye selimundu duniani, ikinakili kanuni ya mtu bila kusoma kwa nini ilifutwa, itajikata miguu. Nimempa cheti. Kanipigia magoti kwenye mlango, nikamwambia mwanangu inuka, umefaulu wewe si mimi.

Jumatatu, 22 Aprili

Meja amekuja kufuatilia kipimo chake cha ndani ya ndege. Bado. Tukanywa chai, akaniuliza hiyo asilimia moja anayoisikia kwa vijana ni nini.

Nilimchorea nyuma ya karatasi ya dawa. Waingereza ndio walioianzisha, miaka ya 1980: rubani wa ndege ya watu wawili anakubalika ikiwa uwezekano wa kuzimika ghafla ndani ya mwaka hauzidi asilimia 1. Mwaka una saa kama 10,000 ukikadiria, hivyo ni mara moja katika saa milioni. Kati ya muda wa safari, sehemu moja ya kumi tu ndiyo ya hatari, kupaa na kutua. Na mwenzake akizimika, msaidizi aliyefunzwa atashindwa kuiokoa ndege labda mara moja katika 100. Zidisha: mara moja katika saa bilioni. Msaidizi ndiye dawa ya moyo wa kapteni.

Nyuma ya hesabu hiyo kuna Staines, karibu na London, Juni 18, 1972. Ndege ya Trident ya shirika la BEA, watu 118, hakuna aliyepona. Kapteni Stanley Key, uchunguzi wa maiti ulikuta mishipa ya moyo imeziba na mmoja umechanika kwa ndani. Alikuwa na cheti. Alipimwa moyo kwa mashine, akapita, kwa sababu mashine ile humpima mtu aliyelala kitandani, haimpimi mtu aliyetoka kugombana na mwenzake chumba cha mapumziko, kama alivyogombana yeye siku ile.

Meja akacheka. "Basi rubani wa ndege ya kivita hesabu yake haipo. Yuko peke yake." Kweli. Huyo namba zake ni nyingine. Akikata kona kwa nguvu, damu inamkimbia kichwani, na uzito wake unakuwa mara tisa. Kuona kunafifia kwanza, kisha anazimika. Kwa hiyo wanamzungusha kwenye mashine kabla hawajamwamini. Wanampima urefu akiwa ameketi, na urefu wa paja toka tako hadi goti, kwa sababu akifyatuliwa na kiti, goti lililozidi linabaki kwenye fremu. Uti wa mgongo wake unapigwa picha kwa sababu kile kiti kinaukandamiza. Haya yote kwa Caravan ya watalii hayana maana, na ndiyo sababu mtu anaweza kufaa huku akashindwa kule, kwa haki, pande zote mbili.

Alipokwenda nikawaza mengine ambayo hesabu ile imeyafungua. Wanaojidunga insulini: Uingereza ilianza kuwapa daraja la kwanza 2012, Marekani ikatangaza njia yao 2019, kwa kujipima sukari wakiwa angani. Wenye VVU: kanuni ya dunia inasema hafai isipokuwa amechunguzwa na kuonekana hali yake haitaingilia kazi. Neno "isipokuwa" limebeba riziki za watu. Anayemeza dawa zake na virusi havionekani, kwa nini nimwogope kuliko mvutaji sigara wa miaka 55 mwenye tumbo?

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Upepo toka usiku, boti za Zanzibar zimesimama, mnazi wa jirani umelalia ukuta wetu. Nilikwenda kliniki kuangalia kama paa linavuja, nikamkuta kapteni kijana ameegesha nje, yuko ndani ya gari.

"Daktari, nina rafiki yangu rubani."

Huyo rafiki namfahamu. Amekuwa akinitembelea tangu nianze kazi hii, kwa sura mbalimbali. Nikamwambia rafiki aingie, nje kunanyesha.

Rafiki halali tangu Januari. Mke ameondoka na mtoto. Anaruka vizuri, anasema, akiwa juu ndiyo anatulia. Akishuka anakaa kwenye gari nje ya nyumba hadi usiku wa manane. Hajawahi kufikiria kujidhuru. Nilimuuliza kwa neno lenyewe, bila kuzunguka, akanijibu kwa neno lenyewe. Nilimuuliza tena kwa namna nyingine. Jibu lile lile.

Akataka kujua rafiki akisema, ndiyo mwisho? Nikamweleza taratibu. Atasimama kuruka, hilo halina mjadala. Atatibiwa na daktari wa akili, si mimi, mimi siwezi kuwa hakimu na mganga wake. Hata dawa za sonona si hukumu ya maisha: tangu 2010 Wamarekani wanaruhusu baadhi yake, na kanuni ya dunia inampa mtathmini wa Mamlaka nafasi ya kumkubali aliyetulia. Itachukua miezi. Huenda akarudi kwa sharti la kuruka na mwenzake tu. Wapo waliorudi.

"Na asiposema?"

"Nimeshajua," nikamwambia. "Leo haruki, ndege zote ziko chini. Jumatatu aje mwenyewe, au nitaandika mimi."

Alhamisi, 9 Mei

Asubuhi, uwanjani. Meja kiti cha kushoto, mkufunzi kulia, mimi nyuma yao na orodha ya maneno. Injini ikawashwa, ikapandishwa hadi nguvu za kuruka, breki zimeshikwa. Mnara ukasoma maelekezo kwa sauti ya kawaida: namba za njia, mwelekeo wa upepo, masafa ya redio, Kiingereza cha kazi, na katikati yake nimewachomekea maneno ya kupotosha. Kayarudia yote. Moja tu aliomba lirudiwe, na mkufunzi, ambaye ana miaka 30 na masikio mapya, naye hakulisikia. Nimejaza taarifa na kuituma Mamlaka na pendekezo: anafaa, apimwe masikio kila miezi 6 pamoja na cheti chenyewe. Nimeambatisha nakala za bahasha, kurasa zenye kalamu ya bluu zikiwa juu.

Kapteni alikuja Jumatatu, kama tulivyokubaliana. Kajaza fomu upya, safari hii dakika arobaini. Barua ya kumsimamisha nimesaini mbele yake, naye ameanza kliniki ya akili jana. Mchana huu afisa ratiba wa kampuni yake amepiga simu mara tatu kuuliza ni ugonjwa gani na kama hawezi kufanya hata safari moja ya Songea kesho. Nimemjibu hafai kwa sasa, nitawaandikia muda utakapobadilika, na kwamba kwa Songea watafute rubani mwingine.